Pete Kumi na Nne za Mwikali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utambuzi wa wanyama jijini Nairobi, nilikabidhiwa boksi la viatu. Mhifadhi Mkuu, mzee mfupi aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya ndizi mbivu, aliliweka mezani, akalifungua, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikachungulia. "Ni kobe, mkubwa."

"Kobe ni ukoo mzima. Mtu akibisha mlango kwenu Mbotela, utumwe ukaangalie ni nani, utarudi useme 'ni mtu'?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha utunzaji wa wanyama, lakini mnyama niliyemjua vizuri alikuwa kuku. Baba alishona magunia kiwandani, Industrial Area, na mama aliuza dagaa wa omena sokoni. Kobe nilikuwa nimemsikia kwenye hadithi tu, zile za nyumbani magharibi, ambamo yeye ndiye mwerevu kila mara.

Mhifadhi Mkuu akaniambia nimtoe yule mnyama, nimshike kwa mikono miwili, nianzie miguuni. Miguu minene kama ya tembo, huyo ni wa nchi kavu. Vidole vyenye utando katikati kama vya bata, huyo ni wa majini. Kisha shingo. Kobe wa nchi kavu huvuta kichwa ndani moja kwa moja, lakini wale wa mabwawa yetu hukunja shingo upande, mfano wa mtu anayeficha uso begani. Baada ya hapo unamgeuza taratibu umtazame gamba la tumbo. Likiwa limebonyea kidogo, mara nyingi ni dume. Likiwa bapa, yaelekea ni jike. Wengine gamba hilo lina bawaba kama ya mlango, hulifunga wakiogopa.

"Sasa niambie ni nani."

"Ni wa majini. Anakunja shingo upande. Tumbo halina bawaba."

"Ni kobe wa mabwawa, basi. Mwandike." Akasubiri nimalize kuandika. "Umri sasa. Hilo kwetu ni swali la mwisho, na ndilo watu watakalokuuliza kwanza."

Akanichukulia kobe mwingine, wa nchi kavu, mwenye madoa ya chui, akanionyesha vigae. Gamba la kobe limejengwa kwa vipande vipande, na kazini kwetu tuliviita vigae kwa kuwa vimepangwa kama vya paa. Kila kigae huanza kidogo siku kobe anapoanguliwa. Majani yakipatikana kwa wingi kinaongezeka ukingo, ukame ukija kinasimama, na paliposimama panabaki mstari. Mstari huo ndio pete. Nchi yenye masika na vuli huweza kuandika pete mbili kwa mwaka, kwa hiyo unahesabu, unagawanya kwa mbili.

"Lakini," akasema, akainua kidole, "kobe akishakomaa pete husongamana mpaka huzioni. Akizeeka gamba husuguliwa likawa laini. Pete zitakwambia alikua kwa muda gani. Ameishi muda gani, hilo hazikwambii. Umeandika?"

"Nimeandika, mkubwa."

Nilikuwa nimeandika kweli. Daftari hilo ninalo hadi leo, na maneno yale yapo ukurasa wa pili kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikaa chini yake miaka minane. Watu walituletea kobe kwenye ndoo, kwenye vikapu, kwenye makarai ya kufulia. Mwenye nyumba kahama, watoto wamechoka, mvua imemleta uani. Nilijifunza kupima kwa kipimo cha taya, kile chuma kinachobana kitu pande mbili kikakuonyesha urefu wake. Nilijifunza kwamba kobe anayelishwa ugali na mkate gamba lake huvimba vigae vikawa kama vilima, na kwamba mdomo wake hurefuka akikosa majani magumu ya kuusugua. Ilikuwa kazi ya utulivu na niliipenda.

Baadaye nilipelekwa uwanja wa ndege, Embakasi, kitengo cha ukaguzi wa mizigo. Huko nilikutana na kobe-chapati. Wengi hawamjui. Ni kobe mdogo, bapa, gamba lake jepesi linabonyea ukilifinya, na makao yake ni nyufa za miamba huko Ukambani na pande nyingine za nchi kavu. Hatari ikija hajikunji ndani ya gamba, hukimbilia ufa akajikaza humo usiweze kumvuta. Jike hutaga yai moja kwa wakati. Kwa sababu ya umbo lake la ajabu, matajiri wa nchi za mbali humtaka, na wachukuzi wa magendo walikuwa wakimpeleka kwa masanduku.

Tuliwakuta ndani ya soksi. Kila kobe soksi yake, imefungwa juu kwa utepe ili asitambae. Sanduku la kwanza nililofungua lilikuwa na thelathini na wanane, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wameshakufa. Niliwapanga sakafuni, nikaenda chooni nikalia.

Msimamizi wa Ukaguzi alikuwa mama mrefu asiyependa maneno mengi. Aliningoja nje ya choo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, madam."

"Mwenye sanduku anasema ni vipenzi vyake vya nyumbani. Kila mmoja atakuambia hivyo. Usisikilize mdomo, Nafula. Tazama mzigo."

Nilifanya kazi pale miaka sita nikitazama mizigo. Niliporudishwa kituoni, nikiwa sasa na cheo cha Mtambuzi, nilikuwa nimeacha kusikiliza midomo. Sikujua kama hilo ni gonjwa. Nilidhani ni ujuzi.

Mhifadhi Mkuu alikuwa amestaafu. Mahali pake palikaliwa na Mkuu wa Kitengo, kijana kuliko mimi, mwenye suti na kalamu mbili mfukoni. Simsemi vibaya. Alitaka ripoti fupi, zilizopigwa chapa, zisizo na kufutafuta, na alikuwa akitetea kitengo chetu kwa wakubwa ambao hawakujua kazi yetu ni nini.

Asubuhi moja maafisa wa wanyamapori walileta karai lililofunikwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na kobe-chapati mmoja. Alikuwa amechukuliwa Kaloleni, nyumbani kwa mchonga vinyago aitwaye Mzee Kilonzo, baada ya jirani kupiga simu. Mzee mwenyewe alikuwa rumande. Hakukana kwamba alimfuga bila kibali. Alisema hakujua hata kama kibali kinahitajika. Kuhusu alikompata, alieleza kwamba marehemu mkewe alikuja naye mjini kutoka Kitui ndani ya kiondo, siku walipoanza maisha, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Walimwita Mwikali, yaani yule anayekaa, asiyeondoka.

Wakati huo wachukuzi walikuwa wakivuna milima ya Ukambani, na upande wa mashtaka ulitaka kujua kama mzee huyu ni mmoja wao. Jibu lilikuwa gambani. Kama kobe alikuwa mzee, maneno ya Mzee Kilonzo yalisimama. Kama alikuwa kijana, mzee alikuwa mwongo, na kobe alitolewa mwambani hivi karibuni kwa ajili ya soko.

Nilimweka Mwikali mezani. Alikuwa jike, urefu sentimita kumi na tano na nusu. Ukingo wa gamba, juu ya mguu wa nyuma wa kushoto, ulikuwa umemeguka zamani, pembetatu ndogo iliyokwisha kupona. Kigae cha tano cha mgongoni kilikuwa kimejigawa pande mbili zisizo sawa, jambo ambalo hutokea mara chache. Nikahesabu pete za kigae cha ubavuni. Kumi na nne. Nikahesabu tena. Kumi na nne.

Niliona pia jambo jingine. Katikati ya vigae palikuwa laini, pamesuguliwa hadi pete za mwanzo zimefifia, na pete za ukingoni zilikuwa zimebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Nilipitisha kidole pale. Kisha niliandika rasimu: miaka saba au zaidi, huenda ni zaidi sana, kwa kuwa gamba linaonyesha dalili za kuchakaa.

Mkuu wa Kitengo aliisoma akiwa amesimama.

"'Huenda zaidi sana' ndiyo nini?"

"Ni kwamba hatuwezi kujua, mkubwa. Akishakomaa..."

"Bi Nafula, mahakama haitaki huenda. Wakituona tunayumba, kesho hawatatuita tena, na wale wa masoksi wataponea hapo hapo. Umehesabu pete ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zigawanye."

"Saba."

"Basi andika saba."

Niliandika saba, nikatia sahihi. Ningeweza kukataa. Hakunishika mkono.

Mahakamani nilivaa gauni la kanisani. Mzee Kilonzo alisimama kizimbani, mtu mwembamba mwenye vumbi la mti kwenye mikunjo ya vidole, vumbi ambalo hata rumande halikutoka. Kwenye benchi nyuma yake aliketi binti yake, Ndinda, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, peke yake.

Mwendesha mashtaka alinitaka nieleze hesabu ya pete. Nikaieleza. Niliieleza vizuri, hata hakimu akawa anaitikia kwa kichwa. Halafu mwendesha mashtaka akauliza: "Kwa ujuzi wako, je, inawezekana mnyama huyu amekaa na mshtakiwa kwa zaidi ya miaka ishirini?"

"Ripoti yangu inasema miaka saba."

"Inawezekana, au haiwezekani?"

Nikaona zile soksi sakafuni. Nikasikia sauti ya yule mama mrefu. Nikasema, "Haiwezekani."

Mzee Kilonzo hakupaza sauti. Aliniinamia kidogo, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. "Mama, umemhesabu vibaya. Kobe huyo ni mkubwa kuliko binti yangu. Binti yangu ndiye yule ameketi."

Hakimu alimwamuru anyamaze. Alisema kwamba angemhurumia mfugaji asiyejua sheria, lakini hatamhurumia mtu anayeidanganya mahakama mbele ya ushahidi wa kitaalamu. Akampa miezi kumi na minane.

Ndinda alikuja kituoni wiki iliyofuata. Hakuja kugombana. Alisimama kaunta na mfuko wa karatasi mkononi.

"Madam, Mwikali hali kabichi," akasema. "Anakula vikonyo vya sukuma na maganda ya malenge. Na hulala chini ya meza ya kazi ya baba, kwa yale maranda ya mbao. Asipopata maranda hatulii. Nimeyaleta kidogo."

Niliyapokea yale maranda. Nikamwambia wanyama huzoea, asiwe na wasiwasi. Mwikali tulikuwa tumemweka kwenye kizimba kizuri chenye mawe ya kupangwa, mfano wa mwamba wa kwao, na maranda hayakuruhusiwa humo kwa sababu ya wadudu. Niliyatupa.

Mwikali hakuingia kwenye mawe hata siku moja. Alitembea akifuata ukuta, akifika pembeni anageuka, anafuata ukuta tena. Mwezi wa pili akaacha kula. Tulimpa dawa, tukamwogesha maji ya vuguvugu, tukamwekea taa. Nilimnunulia vikonyo vya sukuma kwa mkono wangu, akavinusa akaviacha. Jumatatu moja, nilipofungua kizimba, alikuwa pembeni, uso ukutani, mwepesi mkononi kama kifuniko.

Hakuna kanuni iliyonitaka nikatoe habari hiyo mwenyewe. Nilikwenda tu. Kaloleni sikuwa mgeni, nilikuwa na shangazi pale nilipokuwa mtoto. Ndinda alinifungulia, akaniona uso, akasema, "Amekufa." Kisha akanikaribisha chai, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Alipokwenda jikoni nilibaki nikitazama chumba. Meza ya kazi ilikuwa bado pale, swala mmoja wa mti wa mpingo juu yake hajamalizwa masikio. Ukutani kulikuwa na picha tatu. Katika mojawapo, mwanamke kijana ameketi mkekani na mtoto mchanga mapajani, na karibu na goti lake yuko kobe.

Niliinuka nikaisogelea. Kobe alikuwa amekomaa, mkubwa vile vile nilivyompima. Gamba lake lilikuwa limemeguka pembetatu juu ya mguu wa nyuma wa kushoto. Kigae cha tano kimejigawa pande mbili zisizo sawa.

Ndinda aliingia na vikombe.

"Mtoto huyu ni nani?" nikamuuliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu."

"Na sasa una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

Nilikaa chini. Kobe-chapati huchukua miaka kadhaa kufikia ukubwa ule. Mwikali alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, huenda arobaini. Nilikuwa nimemfuta robo tatu ya maisha yake.

"Kwa nini hamkuileta picha hii mahakamani?"

Ndinda aliweka vikombe mezani kimoja kimoja. "Nani alituuliza picha, Madam? Nyinyi mlikuwa na mtaalamu."

Mkuu wa Kitengo alinisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama picha kwa muda mrefu, na nadhani aliumia, maana alivua miwani. Lakini alisema faili imefungwa, na kwamba nikiirudia ripoti moja, kila wakili Nairobi atataka turudie zote. Nikaandika barua yangu mwenyewe, kwa jina langu, nikaeleza nilichokiona gambani na nilichoacha kukisema, nikaambatisha nakala ya picha. Karani wa mahakama akaipiga muhuri, akaniambia nisubiri.

Kisha nikaenda gerezani kumwona Mzee Kilonzo. Tulitenganishwa na wavu. Alikuwa amekonda, lakini aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Kabla sijasema lolote, akaniuliza, "Mwikali anakula?"

Njiani nilikuwa nimepanga kuanza na habari njema, ile barua.

"Mzee, Mwikali amekufa. Ni wiki tatu sasa."

Alitazama mikono yake. Mlinzi alikohoa. Watu kwenye wavu wa pembeni walikuwa wakicheka juu ya mtoto aliyeota meno.

"Mmemzika wapi?"

"Hatuziki, mzee. Gamba lake limehifadhiwa kituoni, kwa ajili ya masomo."

"Mmemweka kabatini?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nikamweleza habari ya picha na barua, na jinsi nilivyokosea. Sina hakika alisikia yote. Muda ulipokwisha alinishukuru kwa kuja kumwambia.

Barua ilitembea polepole, kama zitembeavyo. Wakili mmoja wa kujitolea aliishika, jambo likarudi mbele ya hakimu mwingine, na Mzee Kilonzo akatoka akiwa amekaa ndani miezi kumi na mmoja. Alitoka na kifua kinachokoroma na mikono inayotetemeka. Yule swala wa meza hakupata masikio kamwe.

Mimi nilihamishiwa ghala la vielelezo, mahali pa magamba, mafuvu na mayai makavu. Haikuitwa adhabu. Rafu ya nne, kushoto, nilimkuta Mwikali. Kwenye lebo yake waliandika: kobe-chapati, jike, umri miaka saba. Lebo ile ilinakiliwa kutoka ripoti yangu. Niliiondoa, nikaandika nyingine: umri haujulikani, si chini ya miaka thelathini, alifugwa Kaloleni na familia moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliomba gamba lile lirudishwe kwa wenyewe. Sheria haikuruhusu. Nililifuta vumbi kila wiki kwa miaka tisa, mpaka siku niliyorudisha ufunguo.

Baadhi ya Jumapili nilipitia kwa Mzee Kilonzo baada ya ibada. Tuliongea habari za mbao, za wajukuu, za maji yaliyokatwa tangu Alhamisi. Habari ya kobe hatukuigusa. Ila mara moja, Ndinda alipokuwa nje akianua nguo, mzee aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ulipomhesabu, uliona saba kweli?"

"Niliona pete kumi na nne. Na niliona zimesuguliwa. Nilijua huenda ni mzee."

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Aliokota kipande cha mbao, akakigeuza upande wa pili.

"Afadhali ungekuwa hujui," akasema.

Hakuniambia nisije tena, kwa hiyo niliendelea kuja. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba, maana niliona kumwomba ni kumwongezea kazi.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Fedha kwa mwanangu, ghorofa ya pili. Watu hawaachi kuja. Mwezi uliopita alikuja msusi mmoja anayefanya kazi Eastleigh, amebeba beseni.

"Sasa mathe, nimeambiwa wewe ndio unajuanga hawa. Huyu ako na miaka ngapi? Mwenye aliniuzia alisema kumi."

Nilimtazama. Mdogo, kijani, miguu ya utando, na nyuma ya jicho mstari mwekundu kama aliyepakwa rangi ya mdomo. Nikamwambia huyu ni wa majini, ukoo wake ni wa ng'ambo, asimwachilie mtoni kwa sababu atawamaliza wa hapa. Nikamwambia amwekee jiwe la kuotea jua.

"Na miaka?"

"Ni mchanga bado. Zaidi ya hapo sijui."

"Hata kukisia tu?"

"Andika siku uliyomchukua, mama. Mtu akija kuuliza, mwonyeshe hiyo."

Aliondoka akinung'unika kwamba amedanganywa, huyu si mtaalamu. Sikumlaumu. Vijana wanaoshika kazi yetu leo huja wakati mwingine kuniuliza mambo, na ninawaambia mambo yote ya miguu na shingo na vigae. Wakifika kwenye umri, ninawaambia wamtafute kwanza mtu aliyeishi na mnyama, wakae naye, wamsikilize mpaka amalize, ndipo washike kipimo. Wanaandika. Hata mimi niliandika.

Mzee Kilonzo alifariki mwaka huu, kifua kilekile. Ndinda alinipigia simu mwenyewe. Jioni ya tatu ya matanga nilikwenda Kaloleni, nikakuta kamati imekaa uani kwenye viti vya plastiki, wanapanga safari ya Kitui na kuandaa kijitabu cha ibada. Walikuwa wamekwama kwenye historia ya marehemu. Kitambulisho kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa, lakini kila mtu wa nyumbani alijua si wa kweli. Mzee mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba karani wa usajili alimtazama kichwani kama kuna mvi, akaandika tu.

Ndugu wa marehemu, mwenyekiti wa kamati, akaniona nikiingia. Alikuwa ameambiwa kazi niliyofanya, ila sio yote.

"Karibu, mama! Si huyu ndiye mtaalamu wa umri?" akasema, na wachache wakacheka, kile kicheko cha upole cha msibani. "Tusaidie hapo. Umemjua mzee kwa karibu. Kwa kukisia, unaweza kumpa miaka mingapi?"

Nikamtazama Ndinda. Alikuwa ameshika kalamu, na karatasi ya kijitabu ilikuwa magotini mwake, mwaka ule wa kitambulisho umeshaandikwa.

"Sijui," nikasema.

"Kadiria tu, mama. Sabini na tano? Themanini? Hatuwezi kuacha pengo."

"Siwezi kumkadiria. Naomba mnisamehe."

Ndinda aliinamisha kichwa, akaukata ule mwaka kwa mstari mmoja, hakuandika kitu mahali pake, akampa mwenyekiti karatasi. Ndivyo kilivyochapishwa. Jina lake kamili, picha yake ameshika patasi, na baada ya neno "alizaliwa" pako wazi. Kule Kitui watu kadhaa walinionyesha wakisema mchapishaji amekosea.

Nikawaambia hakukosea.